Kuko bourse ya kuimba? Jibu kwa dada wa alto



Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka répétition ya chorale, dada mmoja wa promotion yetu akaniuliza mbele ya watu wote: «Ndugu Agro, wewe unatutumiaka matangazo ya bourse kila juma. Ya kilimo, ya santé publique, ya droit. Basi niambie, kuko bourse ya kuimba?» Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nasema kweli. Yeye hakucheka.

Huyu dada iko na miaka 26, licence ya économie, na kazi anafanya mu pharmacie ya mtu, kutoka asubuhi mpaka usiku. Anaimba alto. Wenye kumsikia wanajua: akishuka kwenye sauti ya chini, hata watoto wa benchi ya mbele wanageuka kuangalia ni nani. Lakini nyumbani kaka yake mkubwa alishamwambia aache hayo mambo ya chorale, ajipange na maisha. Nilimuahidi kutafuta jibu. Nimetafuta, na jibu ni ndiyo: kuko bourse ya kuimba, tena si moja. Ila ni jibu refu, njo maana ninaliandika hapa, sikulisema pale kwa mlango wa kanisa.

Kwanza tusikilizane juu ya neno opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo watu wanaimba karibu maneno yote, na orchestre inapiga mbele ya jukwaa, mara nyingi ndani ya shimo. Jambo la kushika ni moja: mwimbaji wa opera anaimba bila micro. Ukumbi unaweza kuwa na watu 2000, orchestre ya watu 70, na yeye peke yake, kwa mapafu yake na koo lake, lazima mtu wa kiti cha mwisho amsikie na ashike maneno.

Inawezekana namna gani? Hapo kuko physique kidogo, mnivumilie. Orchestre inaweka nguvu yake kubwa kwenye mitetemo 500 hivi kwa sekunde. Ukipanda juu ya hapo, nguvu inaendelea kupungua. Mwimbaji aliyefundishwa vizuri, hasa mwanaume ao mwanamke wa sauti ya chini, anajifunza kupanga koo, ulimi na mdomo mpaka sehemu nzuri ya sauti yake inakusanyika karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde. Pale orchestre ni dhaifu, na tena pale sikio la binadamu linasikiaka vizuri sana. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza jambo hili katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mwenye kuimba opera hashindani na vyombo kwa makelele. Anapita mu mlango ambao orchestre iliacha wazi.

Ustadi huo hauji kwa mwezi. Mwili wenyewe unachelewa: sauti ya mtu inaendelea kubadilika hata kisha miaka 20, na sauti za chini (basse kwa wanaume, alto kwa wanawake) njo zinachelewa zaidi kukomaa. Mpiga piano wa miaka 15 anaweza kuwa tayari fundi kamili. Basse wa miaka 22 bado ni mtoto. Walimu wazuri wanamkataza hata kuimba kazi fulani nzito, juu atajiharibu.

Sasa hesabu. Kijana amemaliza shule ya muziki, iko na diplôme, iko na miaka 23 ao 24. Sauti yake itakuwa tayari kwa jukwaa kubwa kisha miaka mitano, saba, wakati mwingine kumi. Mu miaka hiyo anahitaji mwalimu wa sauti kila juma, na huyo analipwa. Anahitaji mpiga piano wa kumfundisha kazi nota kwa nota, na huyo pia analipwa. Anahitaji Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, wakati mwingine Kirusi, kwa matamshi ambayo mwenyeji hatacheka. Anahitaji nauli za kwenda audition mu miji mbalimbali, ambako wengi watamwambia asante, tutakuita. Na katikati ya hayo yote anakula, analipa nyumba. Wenye licence mnaosoma hapa, mnaijua hiyo hali: karatasi unayo, kazi bado, na familia inakuuliza unangoja nini.

Kwetu agronomie tunaelewa. Mkulima wa Kabare ao wa Kalehe akipanda kahawa arabika, atangoja miaka mitatu ao mine mbele ya kuvuna kitu cha maana. Mwenye kupanda quinquina anangoja karibu miaka kumi ndiyo achune maganda. Wakati huo wote watoto wanataka kula. Njo maana kati ya mistari ya kahawa changa anatia maharagwe. Maharagwe hayafanyi kahawa ikomae mbio. Yanafanya mkulima asiing'oe. Mimi ninavyoona, bourse ya mwimbaji kijana ni ile maharagwe.

Ninataka kuwaeleza moja ya hizo bourse kwa urefu, ya Uingereza, juu historia yake inamhusu mwanamke wa alto ambaye naye aliacha shule kwa kukosa feza. Inaitwa Kathleen Ferrier Awards.

Kathleen Ferrier alizaliwa mwaka wa 1912 katika kijiji cha Higher Walton, kaskazini ya Uingereza, mkoa wa Lancashire, mahali pa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mnajua mshahara wa mwalimu. Huko pia haukutosha. Mtoto alikuwa na akili, alipiga piano vizuri sana, lakini alipofika miaka 14 walimtoa shuleni na kumtia kazi ya simu mu mji wa Blackburn, kule wanakounganisha watu wanaopiga. Mwaka wa 1935 posta ya Uingereza ilitafuta mwanamke wa kutia sauti yake mu saa ya simu, ile unapiga namba na sauti inakuambia saa ngapi. Kathleen alijaribu. Wakamwacha juu alitia «h» mahali ambapo haikuwa na kazi. Sauti ambayo kisha miaka kumi ilishangaza Ulaya ilikosa kazi ya kutaja saa, kwa herufi moja. Wenye kushindwa concours kwa kukosa document moja mu dossier, huyu ni ndugu yenu.

Mwaka wa 1937 alikuwa na miaka 24, ameolewa, anakaa karibu na mji wa Carlisle. Huko kulikuwa na festival ya muziki ya kila mwaka, watu wa kawaida wanashindana mbele ya jury: watoto, walimu, wake wa wafanyakazi. Yeye alijiandikisha upande wa piano, kama kawaida yake. Bwana yake akamchokoza, akaweka shilingi moja: hautasubutu kuingia upande wa kuimba pia. Akaingia. Akashinda piano, akashinda kuimba, na akatoka na kombe la festival nzima.

Tusimame hapa kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa amempangia huyu mwanamke kuimba. Kama pale Carlisle hakukuwa na concours ndogo, na jury inayosikiliza mtu yeyote anayejiandikisha, ile shilingi haingekuwa na mahali pa kuchezewa. Mwaka ule ule, kipindi cha vuli, alipata malipo yake ya kwanza ya kuimba: kanisa la kijiji cha Aspatria lilimwita kwa sikukuu ya mavuno, likamlipa guinea moja, maana yake shilingi 21. (Kama agronome nilifurahi kusoma kwamba yote yalianzia kwa mavuno.)

Ndipo alianza kujifunza kwa kweli. Mwalimu wa kwanza alikuwa J. E. Hutchinson, wa Newcastle. Vita vya pili vilipokuja, serikali iliunda shirika la kupeleka muziki kwa raia, na Kathleen akazunguka akiimba mu viwanda na mu miji midogo. Mwaka wa 1942 chef d'orchestre Malcolm Sargent alimsikia, akamtuma kwa wakala mkubwa wa London. Mwaka uliofuata aliimba ndani ya Westminster Abbey. Mwingine angesema nimefika. Yeye alijisikia bado, akatafuta mwalimu mpya, Roy Henderson, na kuanza tena mazoezi ya pumzi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuwa na miaka 30 hivi.

Opera ya jukwaani aliifanya kidogo sana, kazi mbili tu maisha yake yote. Ya kwanza ilikuwa Lucretia, ambayo Benjamin Britten alimwandikia, Glyndebourne, mwaka wa 1946. Ya pili ilikuwa Orfeo ya Gluck. Sehemu kubwa ya jina lake ilitoka mu concerts na mu disques, na chef d'orchestre Bruno Walter alimpenda kuliko wengi.

Mwaka wa 1951 madaktari walimkuta na kansa ya titi. Aliendelea. Mwezi wa pili mwaka wa 1953 alikuwa aimbe Orfeo mara ine pale Covent Garden, London. Siku ya pili, katikati ya mchezo, mfupa wa paja uliokuwa umeliwa na ugonjwa ukapasuka. Akajishikilia, akaimba mpaka mwisho, watazamaji wengi hawakujua kitu. Pazia ilipofungwa walimtoa kwa machela. Hakurudi tena kwenye jukwaa. Tarehe 8 Oktoba 1953 alikufa, miaka 41. Mukikumbuka kwamba alto njo inachelewa kukomaa, mutaelewa hasara ilikuwa ya kiasi gani.

Wenzake wanamuziki na watu waliompenda wakachanga. Sehemu ya michango ilienda kwa uchunguzi wa kansa, mfuko ulianzishwa mwaka wa 1954. Na tangu mwaka wa 1956 kuna hiyo bourse kwa jina lake, kwa waimbaji vijana, wanaume na wanawake, wa Uingereza na wa nchi za Commonwealth. Ninapenda kwamba hawakujenga sanamu kwanza. Walifikiria: huyu alikosa nini alipokuwa na miaka 24? Mwalimu na wakati. Basi wakalipia mwalimu na wakati.

Concours yenyewe inaendaje? Ni ya kila mwaka. Waimbaji wanachujwa kwa hatua, mpaka wanabaki wachache wa finale, na finale inafanyikaka Wigmore Hall, ukumbi wa London wenye viti mia tano na zaidi, unaopendwa kwa namna sauti inavyosikika ndani. Hakuna mavazi ya mchezo, hakuna orchestre. Mtu, piano, na jury. Kila mmoja analeta programu yake: vipande vya opera, lakini pia nyimbo za piano na sauti katika lugha mbalimbali. Mbele ya zawadi ya kwanza na ya pili kuna zawadi ya pembeni ya kuimba wimbo, na kuna zawadi ya mpiga piano. Ndiyo, yule anayekaa nyuma na kufungua karatasi naye anapimwa na anazawadiwa. Mu chorale zetu mpiga clavier tunamkumbukaka siku amekosa kuja.

Mutauliza: jury inasikiliza nini, kama sauti zote bado ni changa? Hapo njo ugumu wa concours ya namna hii. Concours ya kawaida inatafuta aliye bora leo. Hii inapaswa kukisia nani atakuwa bora kisha miaka kumi, kama mtu wa semence anayechagua miche mu pépinière: mche mrefu kuliko yote si lazima njo wenye mizizi. Kijana anaweza kupiga nota ya juu ukumbi mzima usimame, na bado masikio ya jury yakasikia kwamba anailazimisha, kwamba kisha miaka mitano hiyo nota haitakuwepo. Mwingine anaimba polepole, maneno wazi, pumzi ndefu, na unasikia chini ya sauti kuna akiba. Mara nyingi feza inapaswa kwenda kwa huyu wa pili. Mara nyingine wanakosea, wanachukua wa kwanza. Ni watu.

Mfano wa walipokisia vizuri ni Bryn Terfel. Ni mtoto wa mkulima wa Pant Glas, kijiji cha kaskazini ya Wales. Bandugu wa zootechnie, kule ni inchi ya kondoo. Lugha yake ya kwanza ni Kiwelisi. Watu wa Wales wana desturi ya mashindano yanayoitwa eisteddfod: mashairi, nyimbo, kwaya, kutoka kijiji mpaka taifa nzima, na watoto wanaanza kupanda jukwaani wakiwa wadogo kabisa. Terfel alianzia huko. Mwaka wa 1984 alienda London kusoma muziki, na mwaka wa 1988, akiwa mwanafunzi bado, alishinda bourse ya Kathleen Ferrier. Alikuwa na miaka 22 tu, na sauti ya baryton-basse, ile inayochelewa.

Mwaka uliofuata aliingia concours ya BBC pale Cardiff, nyumbani kwake. Na hakushinda zawadi kubwa: ilichukuliwa na Mrusi, Dmitri Hvorostovsky. Terfel alipata ya nyimbo za lieder. Mpaka leo wapenzi wa opera wanabishana juu ya ile siku, kama sisi tunavyobishana juu ya penalti. Kilichofuata ni kwamba wote wawili walipanda majukwaa makubwa ya dunia. Nafasi ya pili mu concours inayosikilizwa na wakurugenzi wa nyumba za opera ni kazi iliyoanza.

Lakini nisiwauzie ndoto tupu. Kwa mmoja anayeshinda kuko wengi wanaorudi nyumbani na nauli ya deni. Mimi nilifanya concours ya bourse ya master mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka entretien, nikakopa costume, jury ikaniuliza maswali ishirini, wakaniambia watatuma jibu. Mpaka leo jibu halijakuja. Kilichoniuma si kukosa. Ni kutojua wapi nilikosea. Mu zile festival ndogo kama ya Carlisle mwenye kupima alikuwaka anatoa maoni yake kwa kila mmoja: pumzi hivi, matamshi vile, rudi mwakani. Aliyeshindwa anarudi na kazi ya kufanya. Kwa mimi hiyo ina faida kuliko mabango makubwa ya «appel à candidature» ambayo yanakula data zetu.

Sasa turudi kwa swali la dada: mlango wake uko wapi?

Ule wa Kathleen Ferrier ulijengwa kwa Uingereza na Commonwealth. Kongo si memba. Rwanda iliingia mwaka wa 2009, Uganda imo tangu uhuru. Kumbe mtu wa Kamembe yuko ndani na sisi wa ng'ambo ya Ruzizi tunaangalia. Masharti yanabadilikaka, kwa hiyo mwenye nia ayasome mwenyewe kila mwaka, lakini kwa Mkongomani mlango mpana uko pengine.

Kuko Operalia, concours iliyoanzishwa na Plácido Domingo mwaka wa 1993. Inapokea watu wa inchi zote, inahama mji kila mwaka, na zawadi ya kwanza ni dola 30.000. Mwaka wa 2023 ilifanyikia Cape Town, mara ya kwanza katika Afrika. Haikuwa bahati tu. Afrika Kusini imetoa waimbaji wa opera wengi kutoka mu kwaya za shule na za kanisa. Pretty Yende, mtoto wa Piet Retief, alikuwa na miaka 16 aliposikia muziki ndani ya tangazo la kampuni ya ndege kwenye télé. Kesho yake akamuuliza mwalimu: ile ni nini? Mwalimu akamwambia ni opera. Alikuwa anawaza kuwa comptable. Akasoma Cape Town, mwaka wa 2009 akashinda concours ya Belvedere kule Vienna, mwaka wa 2011 akashinda Operalia, na mwaka wa 2013 akaimba Metropolitan Opera ya New York. Angalieni mpango wa vitu: kwaya, mwalimu anayejua kujibu swali, shule, ndipo concours.

Kuko pia Concours Reine Elisabeth ya Brussels. Jina hilo wazee wa Lubumbashi wanalijua: ni malkia yule yule ambaye mji wao uliitwa Elisabethville mpaka 1966. Concours hiyo inazunguka kati ya vyombo, mwaka huu violon, mwaka mwingine piano, na sauti iliingizwa mwaka wa 1988. Nayo iko wazi kwa mataifa yote. Kifaransa chetu, ambacho tunakilalamikia, pale ni faida: repertoire kubwa ya opera na ya mélodie ni ya Kifaransa, na Mkorea ao Mmarekani analipa mwalimu ili ajifunze matamshi ambayo sisi tulipigiwa fimbo shuleni.

Na wa kwetu wako. Serge Kakudji, mtoto wa Katanga, anaimba contre-ténor, sauti ya mwanaume inayopanda mahali pa wanawake. Mwaka wa 2014 yeye na wanamuziki wa Kinshasa walizunguka Ulaya na «Coup fatal», muziki wa baroque uliochanganywa na guitare na likembe. Blaise Malaba, basse wa Kongo, aliingia mu programu ya waimbaji vijana ya Royal Opera House, London, kule kule Covent Garden ambako Ferrier alivunjikia mguu. Na Kinshasa kuko orchestre symphonique ya Wakimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka wa 1994, na wengi mule walijifunza wenyewe kwa wenyewe.

Ugumu mkubwa ni umri. Concours hizi zinafunga mlango kati ya miaka 28 na 32 hivi, kufwatana na concours na aina ya sauti. Dada yetu iko na 26. Anasoma nota polepole, anasikia mbio sana. Hajawahi kuimba na mwalimu wa sauti hata saa moja. Kama nikimwambia «jaza formulaire ya Operalia», nitakuwa ninamchezea. Ferrier alijifunza miaka kadhaa mbele ya London kumsikiliza. Kitu cha kutafuta sasa ni ngazi ya chini: mwalimu, hata kwa majuma mawili ya atelier, Kigali, Kinshasa, ao mtu anayekubali kumsikiliza kwa enregistrement na kumwambia ukweli. Na kati yetu, ile festival ya chorales ya paroisses tunayofanyaka kila mwaka, tunagawa makombe na picha: kwa nini hatuweki siku moja ya waimbaji peke yao, na watu watatu wenye masikio, wanaoandikia kila mmoja karatasi? Nimeiweka mu ordre du jour ya kikao kijacho. Caissier alishaniuliza feza itatoka wapi. Karatasi na bic, nimemjibu, na fanta ya jury.

Hayo yote nilimwambia siku ya pili, pale pharmacie, katikati ya wateja. Alinyamaza, akahesabia mama mmoja vidonge vya quinine, kisha akaniuliza kama ninajua mtu anayepiga piano. Ninajua mmoja, kijana wa sciences anayepiga clavier mu kanisa la Kadutu. Clavier ina touches mbili zisizolia, na courant inakuja ikipenda. Tumepatana Alhamisi saa kumi, ataimba vipande viwili, mimi nitashika téléphone ya kurekodi. Mwenye micro nzuri ya kuazimisha, aniandikie.